Fundi wa Keko Aliyekataa Vitanda 150: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki kilitokea Keko, wilayani Temeke, mwaka 2023, na kinamhusu fundi seremala ambaye nitamwita Fundi tu, kwa kuwa ameridhia kisa chake kisimuliwe bila jina lake kutajwa. Wakati huo nilikuwa nikiwasaidia wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo kusoma mahesabu ya biashara zao kabla hawajaomba fedha, na karatasi za Fundi zilipita mikononi mwangu tangu siku alipochukua fomu hadi siku alipoirudisha bila kuijaza. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu nimechoka kusikia watu wazima wenye akili timamu wakiambiwa kwamba mtu asiyetaka kukua ana hofu, au mvivu, au hajajitambua. Fundi hana hata kimoja kati ya hivyo, na ninaamini njia aliyofikia uamuzi wake inastahili kuchunguzwa kwa makini kama tunavyochunguza mafanikio ya matajiri.

Aliyepita Keko anaijua sura ya mahali penyewe: vitanda, makabati na meza za chakula vimepangwa kando ya barabara, mashine za kuranda zinapiga kelele tangu asubuhi, na vanishi inanusika kabla hujaziona samani zenyewe. Mbao hufika hapo kutoka mbali, mninga kutoka Tabora na Katavi, mkongo kutoka mikoa ya kusini, paini kutoka Mafinga. Fundi alianza hapo akiwa kijana, saidia fundi wa kupiga msasa na kubeba mbao, na baada ya miaka zaidi ya ishirini alikuwa na banda lake la kupanga, mafundi watatu na kijana mmoja anayejifunza kazi. Mauzo yake yalikuwa kama shilingi milioni 55 kwa mwaka. Akishalipa mbao, ujira, kodi ya banda, umeme na ushuru, alibaki na wastani wa shilingi milioni 1.3 kwa mwezi za kupeleka nyumbani. Nyumba yake iko Mbagala, ameijenga kwa awamu, na anaimiliki kwa leseni ya makazi. Ana mke ambaye hushona sare za shule, na watoto watatu ambao wote walikuwa bado masomoni.

Oda iliyomfikia ilitoka kwa mtu aliyekuwa akimalizia kujenga hosteli ya wanafunzi. Alitaka vitanda 150 na makabati madogo 150, vyote ndani ya wiki kumi, kwa bei ya jumla ya shilingi milioni 94.5. Angetoa asilimia 20 mwanzoni, na salio angelilipa siku 60 baada ya kupokea kazi yote. Aliyemleta mteja huyo ni mdogo wake Fundi, mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyekuwa amemsifia kaka yake kwa nia safi kabisa na ambaye aliamini kwamba hatimaye mlango umefunguka.

Oda hiyo ilikuwa nzuri, na ni lazima niseme hivyo bila kuficha, kwa sababu kisa kingekuwa chepesi mno kama Fundi angekuwa amekataa kitu kibovu. Kwa hesabu tulizopiga, mbao, vifaa na ujira vingegharimu kama milioni 71, kwa hiyo faida kabla ya riba ingekuwa milioni 23.5. Malipo ya awali yangekuwa milioni 18.9, ikimaanisha kwamba Fundi angepaswa kutafuta milioni 52 nyingine na kuzitumia zote kabla hajaona senti ya salio. Mpango ulikuwa akope milioni 40 benki, chama chetu kikiwa mdhamini wa sehemu na nyumba ya Mbagala ikiwa dhamana, na milioni 12 zilizobaki azipate kwa mali kauli kutoka kwa wauza mbao wanaomfahamu. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, mkopo wa miezi 36 ungekuwa na rejesho la shilingi 1,446,000 kila mwezi, na jumla ya marejesho ingefika kama milioni 52. Kama angelipa deni lote mara tu mteja alipomalizia fedha, riba ingeshuka hadi kama milioni 3.4, na angebaki na karibu milioni 20. Hicho ni zaidi ya kile alichokuwa akipeleka nyumbani kwa mwaka mzima, kikipatikana ndani ya nusu mwaka.

Basi mtu anayetazama karatasi pekee angesema achukue. Lakini karatasi hiyohiyo ilikuwa na mambo mengine ambayo hayakuandikwa kwa herufi kubwa. Rejesho lilizidi kipato chake chote cha mwezi, nalo lingeanza kudaiwa wakati banda zima linafanya kazi ya mtu mmoja ambaye hajalipa. Mteja akichelewa miezi miwili tu zaidi, familia ingekula nini, na ada ingetoka wapi? Wateja wake wa kawaida, wale wanaokuja na picha ya kabati kwenye simu na kuacha nusu ya bei, wangeambiwa wasubiri au waende kwa jirani. Mauzo yake yangevuka shilingi milioni 100 kwa mwaka, kiwango ambacho wakati huo kilimtoa mfanyabiashara katika kodi ya makadirio na kumtaka aandae hesabu kamili, jambo linalohitaji mtu wa mahesabu na gharama zake. Hakuna lisilowezekana hapo, na wapo wengi waliolipitia na kutoka salama. Ninachosema ni kwamba faida ya milioni 20 ilikuwa inanunuliwa kwa kitu, na kabla ya kununua ni haki ya mnunuzi kujua anatoa nini.

Suala la mbao ndilo lililomsumbua Fundi kuliko fedha. Yeye hununua mbao mbichi, huzipanga kivulini akitenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite, na huziacha hapo kwa miezi kabla ya kuzigusa. Ubao uliotengenezwa ukiwa na maji hukauka ndani ya nyumba ya mteja: hujikunja, hupasuka kwenye maungio, na kitanda kilichosimama imara siku ya kwanza huanza kulia baada ya mwaka. Kwa wiki kumi, na kwa vitanda 150, haikuwezekana kupata mbao kavu za kutosha kwa bei ile. Mwenye hosteli asingejua tofauti siku ya kupokea, na Fundi aliniambia jambo hilo kwa utulivu kabisa: kwamba angelipwa kabla vitanda havijaanza kufunguka, na kwamba hiyo ndiyo sehemu aliyoiogopa.

Watu wanaodhani alikuwa mtu wa kukwepa kazi wanapaswa kukumbuka mwaka 2016. Mwezi Januari mwaka huo elimu bila ada ilianza kutekelezwa, wanafunzi wakafurika shuleni, na nchi nzima ikahimizwa kumaliza upungufu wa madawati kabla ya katikati ya mwaka. Mafundi wa Keko walikesha. Fundi naye alikesha, akatengeneza madawati, na kwa fedha hizo akanunua mashine yake ya kwanza ya kuranda. Aliongeza pia fundi mmoja, kisha akasimama hapo. Aliniambia kwamba kipindi kile kilimfundisha mambo mawili, kwamba anaweza kufanya kazi kubwa, na kwamba katika miezi ile hakuwahi kuona mtoto wake mdogo akiwa macho isipokuwa Jumapili. Alikuwa na kumbukumbu ya bei halisi ya ukubwa, kitu ambacho wengi wetu tunaokaa kwenye semina za ujasiriamali hatuna.

Uamuzi wenyewe ulifanyika nyumbani, kwa sababu ya kisheria ambayo huwa inachukuliwa kama usumbufu wa karatasi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na benki yoyote makini hudai ridhaa hiyo kwa maandishi. Fundi akampelekea mkewe fomu. Mama huyo hakukataa. Alisema atasaini, ila kwanza mumewe amjibu jambo moja: “Baba watoto, hivi vitanda vikiisha na deni likiisha, tutakuwa tunataka nini?” Mdogo wake Fundi, aliyekuwepo, alijibu haraka kwamba watataka oda kubwa zaidi, mashine kubwa zaidi na duka la kuonyeshea samani barabarani. Fundi alinyamaza. Siku chache baadaye alinieleza kwamba jibu la mdogo wake lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo lililomfanya aone kwamba hakuwa anaombwa kufanya kazi ya wiki kumi. Alikuwa anaombwa kubadilisha maisha, na maisha yale mapya hayakuwa na mahali pa kusimama.

Kutoka hapo alifanya jambo ambalo ndilo kiini cha uchambuzi wangu. Alikaa na mkewe wakaandika mahitaji yao: ada za watoto watatu hadi wamalize, matibabu, chakula, michango ya NSSF ambayo alikuwa bado hajaanza kuilipa kama mtu wa sekta isiyo rasmi, ukarabati wa paa, akiba ya miezi mitatu bila kazi, na kiasi cha kutuma kijijini kwa wazazi. Walipojumlisha, walikuta wanahitaji kama shilingi milioni 1.6 kwa mwezi. Pengo lilikuwa laki tatu. Kwa pengo la laki tatu, kuweka nyumba rehani kwa milioni 40 kulikuwa ni kutibu jeraha la kidole kwa kukata mkono. Hapo ndipo kuridhika kwake kulipopata umbo: lilikuwa na namba, lilikuwa na muda, na lilimdai afanye kazi zaidi kidogo kuliko alivyokuwa akifanya.

Mchumi wa Marekani Herbert Simon, aliyetunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alieleza tangu miaka ya 1950 kwamba binadamu hana uwezo wa kupima kila uwezekano ili apate ulio bora kuliko wote, na kwamba mara nyingi huweka kiwango kinachomtosha na kuchukua cha kwanza kinachofikia kiwango hicho. Naona Fundi alifanya hivyohivyo bila kumsoma mtu yeyote. Tofauti kati yake na mtu aliyekata tamaa ni kwamba yeye aliweka kiwango kwanza, akakipima kwa mahitaji ya kweli, kisha akatazama oda. Aliyekata tamaa hutazama kilichopo mkononi, kisha hukiita kinatosha. Kwa nje watu hawa wawili wanafanana, wote wamekaa kwenye banda dogo, lakini ukiwauliza wanataka kiasi gani, mmoja ana jibu.

Fundi alirudi kwa mwenye hosteli na pendekezo lake: vitanda 24 vya mbao kavu alizokuwa nazo, kwa miezi mitatu, nusu ya bei mwanzoni na nusu siku ya kuchukua. Mteja alikubali, akavitumia kwa vyumba vya ghali zaidi, na sehemu iliyobaki akaipeleka kwenye karakana nyingine ya hapohapo Keko.

Hapa msomaji huenda anasubiri nimwambie kwamba karakana ile ilifilisika. Haikufilisika. Walifanya kazi usiku na mchana, wakachelewa kidogo, wakalipwa kwa kuchelewa pia, wakamaliza deni, na sasa wana mafundi wengi zaidi na wanapata oda za maofisi. Mwenye karakana hiyo ni mtu mwadilifu na anastahili alichokipata. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hadithi zetu za kuhimiza kuridhika hutegemea mno kuanguka kwa mwenye tamaa, kana kwamba maisha ya kiasi hayawezi kutetewa bila mtu mwingine kupata hasara. Yakihitaji hasara ya jirani ili yaonekane ya busara, basi siku jirani atakapofaulu yataonekana ya kijinga. Uamuzi wa Fundi ulikuwa sahihi kwake kwa sababu ya kile alichokihitaji na kile ambacho angekitoa, na ungebaki sahihi hata kama jirani yake angejenga ghorofa.

Kuna gharama alizolipa, na baadhi zilimuuma. Fundi wake mkuu, kijana hodari aliyemfundisha tangu hajui kushika randa, alihamia karakana ile nyingine kwa sababu alihitaji kipato kikubwa na alikuwa na haki ya kukihitaji. Alikuja kuaga vizuri, akisema, “Mzee, mimi bado sijajenga.” Sentensi hiyo inagusa mpaka wa jambo hili zima. Kukinai kwa mtu mwenye nyumba, mwenye wateja wa kudumu na mke mwenye kazi yake hakuwezi kuhubiriwa kwa kijana anayelala chumba cha kupanga na wenzake, wala kwa mama lishe ambaye jioni anahesabu kama faida ya siku itatosha unga na nauli ya kesho. Anayewaambia watu hao waridhike anawadhulumu. Kiwango cha kutosha kina chini yake, na aliye chini ya hapo ana wajibu wa kutaka zaidi na sisi tuna wajibu wa kumsaidia.

Vilevile nisingependa kuridhika huku kuchanganywe na kule kwa amri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi masharti ya kutokuwa na hisa katika makampuni, kutopokea mishahara miwili na kutopangisha nyumba, na mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar. Wapo wazee wa Dar es Salaam wanaoona kwamba tangu hapo mji umepoteza breki. Nawaelewa, na naheshimu nia iliyokuwa nyuma ya masharti yale, lakini mipaka ya Fundi haikutoka kwa chama wala serikali. Aliiweka mwenyewe na mkewe, na wanaweza kuiondoa kesho wakiona inafaa. Ndiyo maana haina uchungu ndani yake.

Gharama ya kijamii ilikuwa ngumu kuliko nilivyotazamia. Mdogo wake alinuna kwa miezi mingi na kumwambia kwamba ameridhika na umaskini. Ndugu wengine walisikia, na katika vikao vya harusi jina lake likaanza kuwekwa kwenye orodha ya watu wa kusukumwa. Asiyeijua Dar es Salaam anaweza kudhani hili ni dogo, lakini mfumuko wa kadi za michango katika mji huu umewatia watu wengi madeni, kwa kuwa mchango hutazamwa kama kipimo cha hadhi na mtu hukopa ili asionekane ameshuka. Fundi na mkewe walitenga kiasi kimoja cha mwaka kwa michango yote. Kikiisha, humwambia anayeleta kadi kwamba kwa fedha ameishiwa ila kwa mikono yupo, na zaidi ya mara moja ametengeneza kitanda cha maharusi kwa bei ya mbao tu. Wapo waliokasirika. Wapo pia ambao leo wanalala kwenye vitanda hivyo na hawakumbuki tena nani alichanga kiasi gani.

Kwa upande wa kazi, pengo la laki tatu lilizibwa ndani ya mwaka uliofuata bila mkopo mkubwa. Alikopa kiasi kidogo chamani, akajenga kichanja kirefu cha kukaushia mbao, na akaanza kuuza samani za mninga mkavu kwa bei ya juu kidogo, akiwaahidi wateja kuzirekebisha bure zikifunguka ndani ya miaka miwili. Ahadi hiyo asingeweza kuitoa kwa vitanda 150 vya haraka. Wateja wake wanasubiri zamu sasa. Hufunga banda saa kumi na moja jioni ili kuwahi foleni ya Barabara ya Kilwa, na akifika nyumbani bado ana nguvu za kukaa na mtoto wa mwisho na daftari la hisabati. Mdogo wake alirudi kuzungumza naye wakati wa Idi, na ndiye aliyemnunulia mtoto wa pili wa Fundi vifaa alipoanza mafunzo ya umeme VETA.

Udhaifu mmoja wa mpango wake bado haujatatuliwa, na nimemwambia hivyo. Banda la Keko ni la kupanga, na eneo lile liko karibu mno na katikati ya mji kuweza kubaki la maseremala milele. Mji uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022 hauachi ardhi ya namna hiyo ipumzike. Mwenye eneo akitaka kujenga, Fundi atapewa notisi, na kichanja, mashine na wateja wa miguu vyote vitahitaji mahali pengine. Mwanzoni alidhani kununua kiwanja kunapingana na alichokiamua mwaka 2023. Tulikaa tena na karatasi, tukaona kwamba mahali pa uhakika pa kufanyia kazi pamo ndani ya mahitaji yake, ila yeye na mkewe walisahau kupaandika. Sasa yeye na mafundi wenzake wanne wanaweka akiba ya pamoja kwa ajili ya kiwanja upande wa Vikindu, na hoja wanayobishania kwa sasa ni kama wateja wa Keko watakubali kuwafuata umbali huo.